Wale Madume wa Muleba Walikuwa Madume

Ta Deo,

Hukukosea.

Naanza na hilo kabla ya salamu, na najua ungeninunia, maana kwako mtu asiyesalimu hakuwa na tofauti na mbuzi aliyeingia shambani. Lakini nimelibeba neno hili wiki nyingi na siwezi kulishikilia tena. Hukukosea. Wale madume wa Muleba walikuwa madume.

Haya, sasa nisalimu. Waitu, mzee wetu Ta Deo, habari za huko? Sisi huku tupo. Miezi tisa imepita tangu tukuzike Kashozi, kwenye kibanja chako, upande wa mibuni. Mkeo Ma Adela ni mzima, goti tu ndilo linamsumbua mvua ikikaribia. Pale kwenye kituo chetu cha utafiti wa samaki wamebadilisha mlango wa maabara, ule tuliokuwa tukiufunga kwa kamba. Sasa una kitasa, na ufunguo umeshapotea mara mbili. Kiti chako hakuna anayekikalia. Wanasema ni kwa heshima, lakini tuambizane ukweli, mguu wake mmoja umelegea na ni wewe tu uliyejua namna ya kukikalia bila kuanguka.

Nakukumbuka sana saa za chakula. Ulikuwa unaleta ndizi na maharage kwenye ule mkebe uliobonyea, unanigawia nusu bila kuniuliza kama nimeshiba, kisha unaanza kunichokoza kuhusu kanisa letu. Ulisema Walutheri tunaimba vizuri lakini tuna haraka ya kumaliza wimbo. Mimi nikijibu kwamba ninyi Wakatoliki mnakaa na kusimama mpaka mtu anasahau alikuja kuomba nini. Ulicheka kwa pua. Hakuna mtu mwingine pale kituoni anayecheka kwa pua.

Nilikuja kwako msichana wa Kibeta mwenye cheti kipya na mdomo mwepesi. Wewe ulikuwa fundi wa maabara ya samaki tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Ulinifundisha kumshika sato asiteseke, kupitisha wembe kuanzia chini bila kutoboa utumbo, kulitambua ini kabla halijachafuliwa na nyongo. Nilipofanya vizuri ulisema neno moja tu, "Kasinge." Nilipofanya vibaya ulisema pia neno moja, "Tena." Nilikuwa naishi kwa maneno hayo mawili.

Sasa niiseme ile siku. Sijawahi kukuambia, na ulipokuwa hai nilijua kuzunguka.

Unakumbuka tulivyotumwa Muleba, kwenye bwawa la Ma Jovina, yule mjane anayefuga sato. Kazi ilikuwa rahisi kwenye karatasi, kujua ni majike wangapi wako tayari kutaga. Jike akikaribia kutaga, ini lake hutengeneza protini ya kiini cha yai, ile inayokwenda kumlisha kifaranga atakayezaliwa, na protini hiyo hupita kwenye damu ikielekea kwenye mayai. Kwa hiyo ukipima damu unaiona. Madume tuliwachukua kwa kulinganisha tu, maana dume hatarajiwi kuwa nayo. Mimi nilibaki kituoni na malaria, wewe ukaenda, ukasimama kwenye tope siku nzima, ukapasua, ukachukua damu, ukaandika vichupa.

Vichupa vilikuwa vidogo, hapakuwa na nafasi ya zaidi ya herufi moja na namba. Ukaandika K na M. K ya kike, M ya me. Tulipopima, vichupa vyote vya K vilikuwa na ile protini, sawa. Lakini na vya M vingi vilikuwa nayo. Mkuu wa kituo akakunja uso. Akauliza inakuwaje dume awe na kiini cha yai kwenye damu. Wewe hukuwepo, ulikuwa umekwenda kutafuta barafu.

Nikajibu mimi. Ta Deo, nilijibu upesi kama mtoto anayejua jibu darasani. Nikasema, "Mkuu, M ya me, au M ya mke?" Kisha nikaendelea, maana niliona ananisikiliza. Nikasema katika Kiswahili mume ni M na mke ni M, kiume ni K na kike ni K, kwa hiyo Mzee amejichanganya, asubuhi M ilikuwa me na baada ya chakula cha mchana ikawa mke. Watu walicheka. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nilikuwa kwenye mkataba wa muda, na nilijiona nimeng'aa.

Ulirudi na barafu yako ukakuta watu bado wanafuta machozi. Mkuu akakueleza kwa upole tu, kama anayemweleza mzee aliyesahau kofia. Ulisema, "Nilimpasua, nikamwona." Basi. Ukaweka barafu mahali pake. Ile karatasi ya masahihisho ikajazwa kwamba vichupa viliandikwa vibaya, na kwenye mstari wa aliyekosea likaandikwa jina lako. Damu ikamwagwa. Mwezi uliofuata ukahamishiwa stoo, kuosha vyombo na kupanga maboksi ya glovu, na habari ikakutangulia mpaka Kashozi, kwamba Deo amezeeka, hatofautishi tena dume na jike.

Watu husema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Uliendelea kunisalimu. Hilo ndilo lililonimaliza. Ulinisalimu kila asubuhi kutoka mlango wa stoo, na bado ulinigawia ndizi, ingawa hukunichokoza tena kuhusu kanisa. Nilitaka kusema. Nilisema kesho. Kisha mkataba wangu ukageuzwa wa kudumu, na kusema kukawa kugumu zaidi badala ya kuwa rahisi. Kisha presha ikakuchukua Jumanne asubuhi, na kesho zangu zote zikaisha siku moja.

Masika yalipokwisha Ma Jovina alipiga simu, akisema bwawa lake limekuwa la kijani kupita kiasi. Nikatumwa. Nilipofika pale ukingoni nilijua sitaondoka bila kuangalia. Nilivua sato mmoja, nikampasua mwenyewe. Korodani mbili nyeupe, nyembamba, safi kabisa. Hapakuwa na yai hata moja. Nikampasua mwingine, na mwingine. Madume watupu. Nikachukua damu na vipande vya maini, na safari hii nilibeba vichupa vikubwa, nikaandika neno zima, DUME. Ma Jovina aliniuliza kama wataalamu wa siku hizi husahau upesi mpaka waandike hivyo. Nikaandika kichupa kilichofuata.

Tulipopima, protini ya kiini cha yai ilikuwemo kwenye damu ya madume.

Nilikaa chini, Ta Deo. Nilikaa kwenye kile kiti chako bila kufikiri, na kweli nikaanguka. Nilijipangusa nikapima tena. Ilikuwemo. Vipande vya maini tukavipeleka Mwanza, kwa wenye mashine ya kuhesabu nakala za jeni, na majibu yakarudi vilevile. Kwenye maini ya wale madume, jeni ya kiini cha yai ilikuwa macho.

Nikueleze ninavyoelewa, polepole kama ulivyopenda. Dume na jike wote wana ile jeni, kila mmoja anayo ndani ya ini lake, haipungui. Ni kama kitabu cha nyimbo kanisani. Kila mtu ameshika kitabu kilekile, na wimbo umo, lakini namba isipotangazwa hakuna anayeuimba. Anayetangaza namba ni estrojeni, homoni ambayo jike huitengeneza kwa wingi kwenye ovari zake anapokaribia kutaga. Inaingia kwenye chembe za ini, inashikana na kipokezi chake, na wawili hao wanakwenda kukaa juu ya DNA, pale pale kabla ya jeni ya kiini cha yai. Hapo jeni inaanza kusomwa. Nakala zinatoka, ini linatengeneza protini, damu inaibeba. Tena estrojeni haiamshi jeni hiyo peke yake. Inaamsha pia jeni ya kipokezi chenyewe, kwa hiyo vipokezi vinaongezeka na tangazo linasikika zaidi. Dume kwa kawaida hasikii tangazo la kutosha, kitabu chake kinabaki kimefungwa kwenye ukurasa ule. Lakini estrojeni ikimjia kutoka nje, ndani ya maji, ini lake halina habari kwamba mwenye ini ni dume. Linasikia namba, linaimba.

Kwa hiyo ulimpasua, ukamwona dume, na damu yake nayo ikasema kweli. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa pamoja. Mimi ndiye niliyedhani lazima kimoja kiwe uongo, na nikachagua cha kwako.

Na estrojeni ilitoka wapi? Hapa ungecheka kwa pua. Ma Jovina ana ng'ombe wawili wa maziwa, na wote wawili walikuwa na mimba, safari yako na safari yangu pia. Ng'ombe mwenye mimba hutoa homoni hiyo kwenye mkojo na kinyesi. Unajua sisi na samadi. Hakuna Mhaya atakayeiacha samadi ipotee, ni chakula cha mgomba. Mama yule alikuwa amechimba mfereji kutoka bandani, unaingia kibanjani. Kisha mtu akamwambia samadi kidogo inafaa bwawani pia, inaotesha chakula cha samaki. Basi akaugawa mfereji, nusu migombani, nusu bwawani, na kila alipoosha banda, maji yote ya samadi mbichi yalishuka. Mama wa watu alitenda haki kwa pande zote mbili.

Nilipomweleza alishika kichwa. Akaniuliza kama wajukuu zake waliokula wale madume watapata madhara. Nikamwambia protini yenyewe ni ndugu ya ile anayoila kwenye yai la kuku, hiyo isimnyime usingizi, ila kiasi cha homoni kwenye nyama sikukipima na siwezi kumdanganya. Akashusha pumzi. Tuliziba tawi la bwawani siku ileile, mimi na jembe lake, yeye akinisimamia na kunilalamikia ninavyoshika mpini. Sasa samadi inakwenda shimoni kwanza, inaoza vizuri, ndipo inakwenda kwenye migomba.

Wiki zikapita nikarudi. Nilipasua madume kumi. Maji yalikuwa yamepumzika. Tulipopima, damu karibu yote ilikuwa safi, na majibu ya maini kutoka Mwanza yalionyesha ile jeni imerudi kulala. Ta Deo, nilicheka peke yangu maabara nzima. Nililia pia kidogo, lakini kucheka kulizidi. Estrojeni ilipoondoka tangazo lilinyamaza, na wimbo ukakoma. Hakuna samaki aliyeharibika. Hakuna mzee aliyejichanganya.

Ilibaki Kashozi.

Nilikwenda Jumapili mchana baada ya ibada. Ma Adela alinipokea kwa salamu fupi, akaniacha nimekaa, akaendelea kuchambua maharage yake. Hakunitolea kahawa ya kutafuna. Unajua nyumba yako, hata mpita njia hupewa buni mbili za kushika mkononi. Nikaelewa kwamba anajua. Nikasema hivyo hivyo, bila kahawa. Nilisema kila kitu, kuanzia M ya mke mpaka mfereji wa Ma Jovina. Hakuniangalia. Nilipomaliza aliinuka na lile goti lake, akaingia ndani, akarudi na daftari la jalada la kijani.

Sikujua kama ulikuwa unachora. Miezi yote ile tuliyofanya kazi pamoja sikujua. Kila samaki wa siku ile umemchora, na namba ya kichupa chake chini. M1, korodani mbili, umezipaka kwa chaki nyeupe. M2. M3, na pembeni umeandika "kubwa kidogo upande wa kushoto." K1 na mayai yake, kila yai kitone cha rangi ya njano. Ukurasa hadi ukurasa. Nilifunika uso wangu kwa kitenge.

Ma Adela aliniambia ulikasirika vibaya. Ulininunia nyumbani badala ya kazini. Wiki mbili hukuwa unataja jina langu, uliniita "Mlutheri yule." Siku ya pili baada ya kichekesho changu uliliweka daftari kwenye mfuko, ukafika mpaka mlangoni, ukalitoa ukalirudisha juu ya kabati. Akakuuliza kwa nini usiwaonyeshe. Ukamjibu, "Hawakuniuliza. Nijitetee kama mwizi?"

Hawakuniuliza. Ta Deo, ni kweli. Tulikueleza, tulikuhurumia, tulikuchekea, tukakuhamisha. Hakuna aliyevuta kiti akakuuliza uliona nini.

Sitakuambia kwamba Ma Adela alinisamehe pale pale, wewe unamjua. Alisema habari mbaya ilikufikia mbele ya watu, basi na nzuri nayo isemwe mbele ya watu. Jumamosi jumuiya yenu ilikuwa inasali kwake. Nikaenda, Mlutheri peke yangu katikati ya rozari, sijui nikae lini nisimame lini. Baada ya sala alinipa nafasi. Nilisimama nikasema aliyejichanganya hakuwa Deo, nilikuwa mimi, na nikaeleza. Kisha mdogo wako, yule wa Hamugembe, akauliza kwa sauti kubwa, "Kwa hiyo lile dume lilikuwa linataka kutaga?" Nyumba ikalipuka. Wazee walipigana mabega. Nikawaeleza habari ya kitabu cha nyimbo, na mama mmoja akasema sasa ameelewa kwa nini mumewe huimba namba isiyotangazwa. Ulikuwa umerudi nyumbani kwako, Ta Deo. Walikutaja mpaka jua likaanza kushuka, Deo aliyechora, Deo mwenye macho, na hakuna aliyesema umezeeka.

Nilipoaga, Ma Adela alinifuata mpaka kwenye njia. Akanifungua kiganja akaniwekea buni mbili. Nilizitafuna nikitembea, na sijawahi kutafuna kitu kitamu hivyo.

Jana nilipeleka daftari lako kwa mkuu pamoja na majibu yangu. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama. Akaitoa ile karatasi ya zamani, akachukua mpya, akasema tuandike tu "hitilafu ya uandishi," mstari wa jina tuuache wazi, kwa kuwa mwenyewe ameshatangulia na hakuna faida ya kufukua mambo. Alisema kwa nia njema. Nikamwomba kalamu. Niliandika kwamba vichupa viliandikwa sawa na tafsiri ndiyo iliyokosewa, na kwenye mstari wa aliyekosea nikaandika jina langu lote, la ubatizo na la ukoo, herufi kwa herufi, pasiwepo wa kuuliza siku za mbele ni nani. Akanitazama, akasaini. Sikufukuzwa. Lakini nilikuwa tayari, na wepesi niliousikia mwilini ulikuja kabla sijajua kama nitabaki.

Ripoti ya bwawa itatoka na michoro yako ndani yake, na jina lako chini ya kila mchoro.

Nakuomba radhi. Nimechelewa, najua, maji yaliyomwagika hayazoleki, na vile vichupa navyo vilimwagwa. Ahadi niliyonayo ni moja na nitaishika. Mtu akiniletea jambo nisilolielewa, mkubwa au mdogo, nitamuuliza aliona nini, na nitanyamaza mpaka amalize kusema.

Pumzika, waitu.

Aliyekosea,
Kokushubira